Vitabu vya Kufundisha Kuchora na Macho ya Watoto Wetu

Juu ya katekisimu, juu ya lugha na juu ya kuimba, wengi wamekwisha kuandika. Juu ya somo la kuchora, wanaolifikiri ni wachache. Katika shule zetu nyingi linawekwa mwisho wa juma, saa ambapo mwalimu amechoka na watoto wanatazama mlango. Watu husema: ni mchezo tu. Sisi tunaona si mchezo, na tungependa kuwaonyesha, ndugu mapadri, ndugu waseminari, nanyi wakatekista wapendwa, kwa nini tunaona hivyo. Njia yetu itakuwa historia: historia ya vile vitabu ambavyo kwa mia nyingi za miaka vimefundisha watoto kuchora, namna vilivyofika katika inchi yetu ya Katanga, na kazi viliyoifanya.

I. Nyumba yenye bomba la moshi

Tulipokuwa wadogo, hapa Likasi, mwalimu wetu alikuwa na kitabu kimoja cha kuchora kilichotoka Ulaya zamani, tena hakikuwa na jalada. Kila juma alifungua ukurasa mmoja, akauchora kwa chaki juu ya ubao mweusi, nasi tukafuatisha katika kaye zetu. Kwanza tunda la Ulaya liitwalo tofaa. Kisha mtungi wenye mkono mmoja. Kisha nyumba yenye paa kali, bomba la moshi juu yake, na mti mwembamba wenye ncha kama mkuki. Tulifuatisha vizuri, tulipata pointi nzuri.

Siku moja mwalimu akasema: « Leo kila mtoto achore nyumba ya kwao. » Sisi tukachora nyumba ile ile ya kitabu, na bomba lake la moshi, na mti wake. Jioni tukamwonyesha mama. Akatazama sana, kisha akauliza: « Ni akina nani wanaokaa humu? » Tukajibu: « Ni kwetu, mama. » Akacheka, halafu akanyamaza.

Kwetu hapakuwa na bomba la moshi. Mabomba ya moshi tuliyoyajua ni yale ya viwanda vya Shituru, ambayo kila mtoto wa Likasi anayajua. Lakini hayo hayakuwamo katika kitabu, basi hayakutujia mkononi. Mwalimu wetu hakuwa na kosa: alitumia alichokuwa nacho, na wengine hawakuwa na kitu. Lakini tangu siku ile neno moja limebaki moyoni mwetu: anayempa mtoto mfano wa kufuatisha anampa pia macho ya kutazamia. Sharti basi tuulize: macho hayo yalitoka wapi?

II. Fundi na mwanafunzi wake

Zamani za kale hapakuwa na somo la kuchora. Palikuwa na fundi na kijana wake. Kijana alikaa katika nyumba ya fundi, akafagia, akasaga rangi, na polepole akafuatisha michoro ambayo fundi alikuwa ameikusanya katika daftari. Daftari moja la namna hiyo lingaliko hata leo, katika maktaba kubwa ya Paris: ni la Villard de Honnecourt, mtu wa Picardie, ambaye alilichora katika karne ya 13. Zimebaki karatasi 33 za ngozi. Ndani yake mna makanisa, mashine, wanyama, na Watakatifu. Tena mna kurasa ambapo mwili wa mtu au kichwa cha farasi umewekwa juu ya pembe tatu, nyota na mistari, ili mkono upate pa kuanzia. Mashauri kama hayo ndiyo yatakayojaza vitabu vya kuchora vya baadaye: anza na umbo jepesi, kisha ongeza.

Uchapaji wa vitabu ulipoenea, daftari la fundi likatoka katika nyumba yake likaenda sokoni. Mwaka wa 1608, mjini Venezia, Odoardo Fialetti alichapisha kitabu cha kufundisha kuchora mwili wa mtu. Kurasa zake za kwanza ni macho tu: jicho kwa mistari miwili, kisha kwa mistari minne, kisha jicho kamili. Halafu masikio, pua, midomo, mikono. Mwanafunzi alikwenda kipande kwa kipande, na mtu mzima akaja mwishoni. Vitabu vingi vya inchi nyingine vilifuata njia hiyo kwa muda wa miaka mia mbili.

Tuangalie vema badiliko hili. Fundi aliye hai humwona kijana wake, akamshika mkono, akamwambia: hapa umekosa. Kitabu hakimwoni mtu. Kitabu kina faida kubwa, kwani kinafika mbali na kwa bei ndogo. Lakini anayekifuata peke yake anaweza kufuatisha mistari yote bila kujua sababu yake. Jean-Jacques Rousseau aliiona hatari hiyo. Katika kitabu chake Émile, cha mwaka wa 1762, alikataa mtoto afuatishe karatasi iliyofuatishwa kwa karatasi nyingine: mtoto achore nyumba akiwa mbele ya nyumba, na mti akiwa mbele ya mti. Maneno mazuri. Lakini Rousseau alimfikiri mtoto mmoja mwenye mwalimu mmoja. Shule yenye watoto sitini ifanyeje?

III. Mstari, pembe na duara

Jibu la kwanza lilitoka Uswisi. Johann Heinrich Pestalozzi, ambaye aliwakusanya watoto maskini na yatima, alifikiri kwamba kila somo lina alfabeti yake. Alfabeti ya macho, kwake yeye, ilikuwa mstari, pembe na mraba. Mwaka wa 1803 alitoa kitabu juu ya alfabeti hiyo: mtoto ajifunze kwanza kupima kwa macho urefu wa mstari, kuugawa sehemu mbili, tatu, nne, kuchora na kuandika vitafuata vyenyewe. Kwake Pestalozzi, kuchora hakukuwa kazi ya wachoraji tu. Ilikuwa njia ya kumzoeza kila mtoto kutazama kwa uangalifu.

Jibu la pili lilitoka Ufaransa. Mwaka wa 1819 Louis-Benjamin Francœur, mwalimu wa hesabu, alitoa kitabu cha kuchora mistari kwa ajili ya shule za kufundishana. Katika shule hizo mwalimu mmoja aliongoza watoto wengi sana, kwa kuwa aliwaweka wanafunzi wenye akili kuwafundisha wenzao. Wanafunzi hao waliitwa « moniteurs ». Wasomaji wetu watalitambua jina: ndilo walilopewa walimu weusi wa Kongo wakati wa Wabelgiji, na wazee wetu wangali wanasema « monitere ». Katika njia ya Francœur, mtoto alichora mstari kwa mkono mtupu, kisha monitere akaja na rula na kompa kuuhakikisha. Hivyo kuchora kuliweza kufundishwa na mtu asiye mchoraji, nayo ndiyo iliyokuwa nguvu ya vitabu hivi. Sheria ya Guizot ya mwaka wa 1833 iliingiza kuchora kwa mistari katika shule za msingi za juu za Ufaransa, pamoja na jiometri na kupima mashamba.

Sababu ya haraka hiyo ilikuwa viwanda. Fundi wa chuma, wa mbao, wa mawe na wa nguo, kila mmoja alihitaji kusoma mchoro. Uingereza, tangu mwaka wa 1852, Henry Cole na wenzake walipanga masomo ya kuchora ya serikali kwa madaraja yaliyofuatana, toka mstari mpaka pambo, toka pambo mpaka mwili wa mtu. Mwaka wa 1870, katika Marekani, jimbo la Massachusetts lilitoa sheria: kila mji wenye watu zaidi ya 10,000 sharti ufundishe bure kuchora kwa viwanda. Wakamwita Mwingereza Walter Smith, naye akawaandikia vitabu na kuwafunza walimu.

Ufaransa palikuwa na mabishano makali. Félix Ravaisson, mtu wa filosofia, alisema katika mwaka wa 1853 kwamba mtoto aanze na uso wa mtu katika kazi bora za mabingwa, kwa sababu uzuri haupimwi kwa rula. Eugène Guillaume, mchonga sanamu, alijibu kwamba jiometri ndiyo msingi wa kila umbo, tena inafaa kwa watoto wote. Kwa muda wa miaka 30 hivi, Guillaume alishinda. Mwaka wa 1909, kwa kazi ya Gaston Quénioux, mashule ya Ufaransa yaliacha jiometri yake yakarudi kwenye vitu vyenyewe: jani, ndege, chombo cha nyumbani. Mjini Vienna, tangu mwaka wa 1897, Franz Cizek alikuwa amekwisha kufungua darasa ambapo watoto walichora waliyoyataka, bila mfano wo wote.

Basi, wakati shule zilipokuwa zikienea katika Kongo, Ulaya ilikuwa na mawazo mawili yaliyopingana. La kwanza: mpe mtoto mfano na kanuni. La pili: mwache mtoto, usimguse. Yote mawili yalipanda meli kuja kwetu.

IV. Mhubiri wa wachimba makaa

Kabla ya kuyafuata mpaka Katanga, tusimame kidogo katika Ubelgiji, kwa wachimba makaa ya mawe wa Borinage. Huko, mwisho wa mwaka wa 1878, alifika Mholanzi Vincent van Gogh, mwana wa mchungaji wa Waprotestanti, ili kuhubiri Injili. Alitoa nguo zake, akalala vibaya, akawauguza waliojeruhiwa mashimoni. Wakubwa wake walimwachisha kazi katika mwaka wa 1879. Mwaka wa 1880, akiwa bado pale pale, Cuesmes, maskini na bila njia, aliamua kuwa mchoraji. Umri wake ulikuwa miaka 27.

Alianza na nini? Alianza na kitabu. Alipata kwa kuazima karatasi za mafundisho ya Charles Bargue, zilizotolewa Paris pamoja na Jean-Léon Gérôme kati ya mwaka wa 1868 na 1871: karatasi 197, kwanza sanamu za plasta, kisha michoro ya mabingwa, kisha mwili wa mtu. Van Gogh alizifuatisha moja kwa moja, siku kwa siku. Na saa zile zile aliwachora wachimba makaa, wanaume na wanawake, walivyokwenda shimoni asubuhi. Hata mwaka wa 1890, mwaka wa kufa kwake, alizirudia karatasi za Bargue.

Tunaleta habari hii kwa sababu mbili. Kwanza, wako wanaosema kwamba kufuatisha kunaua roho ya mchoraji. Hakukuua ya huyu. Pili, Van Gogh alikuwa na kitabu mkono mmoja, na mlango wazi mbele yake. Kitabu kilimfundisha mkono. Wachimba makaa walimpa la kusema. Sisi, katika mji wetu wa wachimba shaba, tulikuwa na kitabu, lakini mlango ulifungwa.

V. Kuchora kunafika Katanga

Mwaka wa 1906 ulileta mambo mawili kwetu. Tarehe 26 mwezi wa tano Kiti kitakatifu na Serikali ya Kongo walipatana juu ya misioni na shule zake: pamoja na mafundisho mengine, shule zifundishe kulima na kazi za mikono. Mwaka ule ule Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa. Mwaka wa 1910 Wabenedikto wa Saint-André, karibu na Brugge, walipewa Katanga, chini ya Jean-Félix de Hemptinne; mwaka wa 1911 Wasalesiani walifika Elisabethville na kazi yao ya shule za ufundi. Mji wetu, ulioitwa Jadotville mpaka mwaka wa 1966, ulikua kando ya shaba. Shule na kiwanda vilikuwa majirani.

Katika hali hiyo mchoro uliotakiwa ulijulikana mapema: mchoro wa fundi. Kijana wa karakana alihitaji kusoma karatasi ya mhandisi, kupima, kukata chuma kama ilivyoandikwa. Rula, kompa, mstari safi: ndiyo njia ya Francœur na ya Guillaume iliyofika Afrika, na tusiidharau. Wazee wetu wengi walilisha jamaa zao kwa elimu hiyo, na nyumba tunazokaa zilijengwa nayo. Lakini mchoro wenyewe ulitoka juu, tayari umekwisha kufikiriwa. Kazi ya kijana ilikuwa kutii mstari.

Ubelgiji, palikuwa na njia nyingine ya Kikatoliki. Tangu mwaka wa 1862, mjini Gent, Jean-Baptiste Bethune pamoja na Mafrere wa Shule za Kikristu walikuwa wameanzisha shule za Mtakatifu Luka, ambapo vijana wafanya-kazi walijifunza kuchora kwa ajili ya makanisa, wakifuata mifano ya zama za kati. Frere wa shirika hilo, Marc-Stanislas, aliianzisha shule ya Mtakatifu Luka kule Gombe-Matadi, katika Kongo ya Chini, mwaka wa 1943. Mwaka wa 1949 ilihamia Léopoldville, na mwaka wa 1957 ikawa Académie des Beaux-Arts. Jina ni lile la Gent. Lakini huko Frere aliwaambia wanafunzi wake wasifuatishe kazi za Ulaya, bali watazame kazi za mababu.

Tusisahau pia picha kubwa za katekisimu zilizochapishwa Paris na Maison de la Bonne Presse tangu mwisho wa karne ya 19, ambazo zilitundikwa katika misioni nyingi za Afrika. Hazikuwa kitabu cha kuchora, lakini zilifanya kazi hiyo. Mkatekista aliyetaka kuonyesha mbinguni na motoni juu ya ubao alifuatisha alichokiona pale. Hata sasa, mkimwomba mkristu wetu amchore malaika, mtaona mara moja ametoka Paris.

VI. Shule isiyo na kitabu

Wazo la pili, lile la kumwacha mchoraji bila mfano, liliingia pia kwa mlango wa Katanga. Mwaka wa 1926, kule Bukama, mtumishi wa serikali Georges Thiry aliona nyumba zilizopambwa kwa michoro na Albert Lubaki, mchonga pembe za ndovu. Alimpa karatasi na rangi za maji, akamwacha achore alivyojua. Mwaka wa 1929 karatasi za Lubaki zilionyeshwa Brussels.

Miaka 20 baada ya Bukama, mwaka wa 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés, mtu wa Brest, alifungua Elisabethville karakana ya wachoraji iliyoitwa Hangar. Humo hapakuwa na kitabu cha kuchora, wala sanamu za plasta, wala somo la kuonyesha umbali kwa mistari. Aliamini kwamba mafundisho ya Ulaya yangeharibu kipaji cha vijana wake. Aliwapa rangi na karatasi, akawataka watazame miti, mito na wanyama, kisha wachore kwa kukumbuka. Matunda yake yanajulikana. Pilipili Mulongoy alichora samaki, ndege na nyoka katikati ya nukta na majani yasiyohesabika. Mwenze Kibwanga aliwachora watu kwa mistari mifupi iliyosukwa kama mkeka. Bela Sara alichora kwa ncha za vidole. Romain-Desfossés alipokufa mwaka wa 1954, wanafunzi wake waliingia katika Académie ambayo Laurent Moonens alikuwa ameianzisha mjini humo mwaka wa 1951. Wengine wakawa walimu wa vijana.

Mambo kama hayo yalifanyika Uganda. Margaret Trowell, aliyeanza kufundisha mwaka wa 1937 na kuijenga shule ya sanaa ya Makerere, hakuwawekea wanafunzi picha mbele yao: aliwasimulia jambo kwa maneno, kisha wakalichora. Mwanafunzi wake mmoja, Elimo Njau wa Marangu, alichora katika miaka ya 1950 habari za Bwana wetu juu ya kuta za kanisa la Waanglikana la Murang'a, Kenya, kati ya watu na vilima vya Wakikuyu. Mwaka wa 1965 alianzisha Nairobi nyumba ya sanaa Paa ya Paa, akashika neno lililomfanya ajulikane: kufuatisha kazi ya mwingine ni kumlaza Mungu usingizi.

Neno hilo lina ukweli, nasi tuliochora bomba la moshi tunalipokea kwa haya. Lakini tunaomba ruhusa ya kuuliza neno moja. Katika mji mmoja wa Elisabethville, miaka ile ile, walikuwako vijana wawili weusi. Wa kwanza, katika shule ya ufundi, alipewa rula, wala hakuulizwa anaona nini. Wa pili, katika Hangar, aliulizwa anaona nini, wala hakupewa rula. Tunasema kwa ufupi, tukijua kwamba walimu wengi walitoa zaidi. Hata hivyo, kwa wote wawili, mtu mwingine alikwisha kuamua mapema ni elimu gani inayomfaa Mwafrika. Kumlazimisha mtu kufuatisha ni kosa; na kumficha elimu ili abaki « safi », hilo nalo ni kosa, ijapokuwa limefanywa kwa upendo.

Tunamjua kijana mmoja wa Kikula anayepamba maduka. Mkono wake ni wa ajabu: kwa nusu saa anakuchorea simba, gari, au sura ya marehemu baba yako. Alipoomba kazi ya kuchora ramani za majengo, waliweka mbele yake rula na kompa. Hakupata kuvishika tangu kuzaliwa. Akarudi kwenye maduka. Nani aliyemlinda huyu, na alimlinda na nini?

VII. Mukanda wa mchanga

Wale waliosema kwamba Mwafrika anachora bila kanuni hawakutazama mbali. Wachokwe na jirani zao, katika Angola, katika Zambia ya kaskazini-magharibi na katika pande zetu za Kongo, wana michoro ya mchanga iitwayo sona. Mzee analainisha mchanga kwa kiganja. Kwa ncha za vidole anapiga nukta, zimepangwa safu kwa safu, sawasawa kabisa. Kisha anapitisha mstari kati ya nukta bila kuinua kidole, huku akisimulia, mpaka mstari umerudi ulikoanzia. Akisitasita, watazamaji wanatabasamu: hajui. Mchoro mmoja unaeleza namna jua, mwezi na mtu walivyokwenda kwa Mungu.

Vijana walijifunza sona katika mukanda, yaani kambi ya jando. Na neno hilo hilo, mukanda, katika Kiswahili chetu cha Katanga ni barua au karatasi iliyoandikwa. Paulus Gerdes, mwalimu wa hesabu wa Msumbiji aliyekufa mwaka wa 2014, alionyesha elimu iliyofichika humo. Katika mchoro ulio kama mkeka uliosukwa, nukta za safu 5 kwa 6 huzungukwa zote kwa mstari mmoja. Za safu 4 kwa 6 zinataka mistari miwili. Hesabu ya mistari ni kigawanyo kikubwa cha namba zile mbili. Mzee hakuandika hesabu hiyo. Aliijua kwa mkono.

Hapa basi wazee wetu wanatuonyesha yote mawili mahali pamoja. Nukta ni kanuni: hazipigwi ovyo, tena kijana anafuatisha kwanza alivyofuatisha mwalimu wake. Lakini mstari unakwenda pamoja na hadithi, na hadithi ni ya watu wale wanaokaa pale kuzunguka mchanga. Villard na pembe tatu zake asingeshangaa.

Wachoraji wa miji yetu ya shaba wamefanya vivyo hivyo. Katika miaka ya 1970 nyumba nyingi za wafanya-kazi zilikuwa na turubai ukutani: mamba-muntu, au askari wa wakati wa Wabelgiji akimpiga mfungwa. Mchoraji alirudia sanamu ile ile kwa wanunuzi wengi. Walio wengi hawakupita Académie. Watu waliita kazi hizo « ukumbusho ». Mmoja wao, Tshibumba Kanda Matulu, alichora historia nzima ya inchi katika turubai zipatazo mia moja, ambazo Johannes Fabian alizipokea Lubumbashi mwaka wa 1973 na 1974. Je, walifuatisha? Ndiyo, wao kwa wao, na hata nafsi zao. Na katika kurudia huko watu walizitambua taabu zao wenyewe.

VIII. Tufanye nini?

Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika mafundisho yake ya tarehe 4 mwezi wa 12 mwaka wa 1963 juu ya Liturjia takatifu, ulisema kwamba Eklezya haikujifungia aina moja ya sanaa kuwa yake peke yake, na kwamba sanaa ya mataifa yote ipewe nafasi katika nyumba ya Mungu ikiwa inamtumikia kwa heshima. Tena uliagiza kwamba waseminari, katika miaka yao ya filosofia na teolojia, wafundishwe historia ya sanaa takatifu na kanuni zake njema. Agizo hili tumelitimiza namna gani? Padri asiyejifunza kutazama atanunua sanamu yo yote ya plasta anayoletewa, na fundi wa parokia yake atakaa bila kazi. Sisi wenyewe, mwaka wa kwanza wa upadri, mkatekista wa kijiji kimoja alituomba tumchoree Mchungaji Mwema ukutani. Tulichora kondoo wa Ulaya wenye manyoya mazito. Watoto wakauliza ni mnyama gani.

Kwa hiyo tunatoa mashauri machache, mepesi, yasiyotaka fedha.

La kwanza: mwalimu asitupe kitabu cha kuchora kama anacho. Akitumie kwa ajili ya mkono: kugawa mstari, kupima kwa macho, kuona umbo jepesi ndani ya umbo gumu. Kisha akifunge, awatoe watoto nje. Kilichojifunzwa kwa mtungi wa kitabu kijaribiwe juu ya sufuria ya nyumbani, kinu, baiskeli yenye mifuko ya makala, kichuguu.

La pili: watoto wote, wasichana kama wavulana, washike rula na kompa, hata kama ni kamba na kijiti juu ya udongo wa kiwanja. Asiwepo mtu wa kusema kwamba elimu hiyo si ya kwao.

La tatu: mkatekista asiogope kuchora vibaya. Mfano wa mpanzi ukichorwa kwa mistari mitano, pamoja na jembe la kwetu na mahindi ya kwetu, unafaa kuliko sanamu nzuri ambayo hakuna anayeitambua. Bwana wetu mwenyewe, alipofundisha, alionyesha ndege, maua na shamba lililokuwa mbele ya wasikilizaji wake.

La nne, kwa waseminari: tafuteni wazee wanaojua sona, michoro ya kuta na mapambo ya vyungu, kabla hawajafa. Andikeni, chora, hesabuni nukta. Siku moja mtu wa kwetu ataandika kitabu cha kuchora kwa shule za Katanga, chenye kanuni za Villard na za wazee wa Dilolo pamoja. Daftari zenu zitamsaidia.

Nasi hapo mtoto wa Likasi atakapoambiwa achore nyumba ya kwao, tunatumaini atachora mabati yenye mawe juu yake, mwembe uani, na nyuma kabisa mabomba ya Shituru. Naye atajua kwa rula kwa nini yanaonekana madogo. Mama yake akiitazama, hatauliza ni akina nani wanaokaa humo.